Kupanga Shughuli za Majira ya Kuchipua za Chama cha Wauguzi: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Wanaafrika Mashariki Nchini Marekani

Swali lilelile huulizwa kila mwezi wa Aprili katika vyama vya wauguzi wenye asili ya Afrika Mashariki huku Marekani: kwa nini ukumbi umelipiwa, mtoa mada amefika, pilau imepikwa, lakini waliokaa vitini ni wajumbe wa kamati tendaji na wenzi wao tu? Wengi hulaumu uvivu wa wanachama. Mara nyingi kosa liko kwenye kalenda. Mwaliko ulitolewa Machi kwa ajili ya Aprili, ilhali ratiba ya zamu za Aprili ilikuwa imekwisha kufungwa, na muuguzi aliyepangiwa zamu ya saa 12 hawezi kuhudhuria hata angekuwa na hamu kiasi gani.

Mwongozo huu unamlenga katibu, mwenyekiti au mweka hazina wa tawi lenye wanachama kati ya 40 na 150. Mfano unaotumika ni wa tawi la Minneapolis, jimboni Minnesota, na vitongoji vyake, kama Brooklyn Park, linalojiandaa kwa majira ya kuchipua ya mwaka 2027. Walioko Boston, Columbus au Seattle watabadilisha hali ya hewa na masharti ya jimbo, lakini mpangilio wa kazi ni uleule, na kazi yenyewe huanza Desemba, theluji ikiwa bado iko magotini.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Katiba ya chama, hasa vifungu vinavyohusu akidi, uchaguzi na muda wa kutoa taarifa ya mkutano mkuu.
- Orodha ya wanachama iliyosahihishwa, yenye simu, barua pepe na hali ya ada ya kila mmoja.
- Kalenda ya mwaka 2027 iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa, pamoja na kalamu nyekundu.
- Taarifa ya benki ya miezi mitatu iliyopita.
- Kalenda za likizo za shule za wilaya ambamo watoto wa wanachama wengi wanasoma.
- Watu wanne walio tayari kushika kazi nne tofauti: elimu, ukumbi na chakula, usajili na fedha, mawasiliano. Mwenyekiti asishike hata moja, kwa sababu yeye ndiye atakayeziba pengo mmoja wao anapopangiwa zamu ya dharura.

Kalenda ya karatasi si ushamba. Watu sita wakiizunguka meza moja huona mgongano wa tarehe upesi kuliko kila mmoja akipekua simu yake.

## Hatua ya 1: Jueni wanachama wenu hufanya kazi lini

Kabla ya kupendekeza tarehe yoyote, tumeni fomu fupi yenye maswali manne tu: unafanya zamu ya mchana au ya usiku, wikendi yako ya kazi ni ipi, maombi ya siku za mapumziko hufungwa wiki ngapi kabla ya ratiba kutoka, na je, Jumamosi ni siku yako ya ibada?

Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi. Katika hospitali nyingi muuguzi hufanya kazi kila wikendi ya pili, na hivyo wanachama hugawanyika wenyewe katika makundi mawili. Chukueni wikendi moja ya Januari kama alama, kisha andikeni safu mbili: kundi A ni la wanaofanya kazi wikendi hiyo, na kundi B ni la wanaopumzika. Hapo itaonekana wazi kwamba wikendi yoyote mtakayoichagua ina kundi moja lililo kazini, na kwamba mkiweka shughuli mbili kwa kupishana wiki mbili au nne, mtakuwa mmewafungia nje watu walewale mara zote mbili. Shughuli mbili zinapaswa kutenganishwa na idadi ya wiki isiyogawanyika kwa mbili, yaani wiki tatu, tano au saba.

Swali la nne hupuuzwa, na Minnesota ndipo mahali pabaya zaidi pa kulipuuza. Wakenya wengi wa huko wametoka Kisii, na miongoni mwao Waadventista Wasabato si wachache. Chama kinachokutana Jumamosi asubuhi mwaka mzima kimewatenga bila hata mtu mmoja kusema neno baya.

Onyo: msiulize swali la tano. Fomu ikizidi ukurasa mmoja wa simu, watu huiahirisha hadi watakaporudi nyumbani, na wakirudi nyumbani hulala. Hatua hii imefaulu pale ambapo angalau theluthi mbili ya wanachama hai wamejibu na safu za A na B zimejaa.

## Hatua ya 2: Futeni kwanza siku zisizofaa

Kamati nyingi huanza kwa kuuliza, "Tufanye lini?" Anzeni kwa kufuta. Kwa mwaka 2027 kalamu nyekundu ipite hapa:

- Kuanzia karibu na Februari 8 hadi siku chache za mwanzo wa Machi ni Ramadhani, na Idi ya kufunga mfungo inatarajiwa karibu na Machi 9 au 10, kutegemea kuandama kwa mwezi.
- Machi 14, Jumapili, saa husogezwa mbele kwa saa moja. Shughuli ya asubuhi ya siku hiyo huchelewa bila kosa la mtu yeyote.
- Machi 26 ni Ijumaa Kuu na Machi 28 ni Pasaka. Wiki zinazoizunguka ndizo ambazo shule nyingi hufunga, na familia husafiri.
- Aprili 15 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha kodi ya mapato. Haifuti wikendi, ila humfuta mweka hazina anayejaza pia fomu za nusu ya ukoo.
- Mei 9 ni Siku ya Akina Mama. Chama ambacho wanachama wake wengi ni akina mama hakina sababu ya kushindana nayo.
- Idi ya kuchinja inatarajiwa karibu na Mei 16, na vyuo vingi hufanya mahafali katika Mei hiyohiyo.
- Mei 31 ni Jumatatu ya Memorial Day, hivyo wikendi yote ya kuanzia Mei 29 imekwenda.

Kinachobaki ni kidogo: Aprili 10, 17 na 24, wikendi ya Mei 1, na ile ya Mei 22. Walio na wanachama Waethiopia au Waeritrea waikumbuke pia Mei 2, ambayo ni Pasaka ya Kiorthodoksi. Watu huku huzungumza juu ya majira ya kuchipua kana kwamba ni miezi mitatu ya nafasi tupu, kumbe kwa chama cha wauguzi ni wikendi tano.

## Hatua ya 3: Chagueni shughuli mbili kubwa na moja ndogo

Tawi dogo haliwezi kubeba zaidi. Mpango unaopendekezwa ni huu:

Jumamosi, Aprili 17: siku ya elimu iliyounganishwa na mkutano mkuu wa mwaka. Kuunganisha huku ni kwa makusudi. Wauguzi hawaachi usingizi wao ili kusikiliza taarifa ya mweka hazina, lakini huja wakijua watarudi nyumbani na cheti cha saa za elimu endelevu. Mkutano mkuu uliowekwa peke yake ndio unaokosa akidi.

Jumapili, Mei 23, alasiri: mkutano wa familia bustanini, pamoja na meza ya ushauri kwa wanaojiandaa na NCLEX, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi, na kwa waliofika karibuni. Kati ya tarehe hizi mbili kuna wiki tano, hivyo kundi lililokuwa kazini Aprili litakuwa huru Mei. Tena ni Jumapili, hivyo Wasabato wanaingia.

Wiki ya Mei 6 hadi 12: kikao kimoja kifupi kwa njia ya mtandao, cha saa moja, kuadhimisha wiki ya wauguzi ambayo hufungwa na Siku ya Kimataifa ya Wauguzi, Mei 12. Mtoa mada anaweza kuwa Nairobi au Dar es Salaam. Wakati huo Minneapolis huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 8, si 9 kama wakati wa baridi, kwa hiyo saa nne asubuhi ya Minneapolis ni saa kumi na mbili jioni Nairobi. Katika mwaliko andikeni saa za miji yote miwili kwa tarakimu, kwa mtindo wa 10:00 AM na 6:00 PM, ili pasiwe na wa kuuliza kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu.

Shughuli ya nje isiwekwe Aprili, hata kama siku tatu za jua zimewapa watu wazimu wa kuvaa kaptura. Kati ya Aprili 13 na 15, 2018, tufani ya theluji iliipiga Minneapolis katikati ya kile ambacho kalenda inakiita majira ya kuchipua. Kabla ya nusu ya pili ya Mei, nyama choma ibaki chini ya paa.

## Hatua ya 4: Hesabuni kurudi nyuma

Chukueni Aprili 17 na mrudi nyuma wiki kwa wiki.

Wiki 12 kabla, Januari 23: tangazo la tarehe linatoka. Bado halihitaji mada wala bei. Linahitaji tarehe, saa, mji na sentensi moja: "Omba siku hii sasa." Hospitali nyingi hutoa ratiba za zamu kwa vipindi vya wiki nne au sita, na maombi hufungwa wiki kadhaa kabla ya kipindi kuanza, kwa hiyo anayesikia habari Machi amechelewa.

Wiki 10 kabla, Februari 6: kila mjumbe wa kamati anawapigia simu wanachama wachache aliogawiwa, akiuliza jambo moja tu, kama ombi limepelekwa kwa meneja au la.

Wiki 6 kabla, Machi 6: mada, watoa mada na bei vinatangazwa, na usajili unafunguliwa.

Siku 30 kabla, Machi 18: taarifa rasmi ya mkutano mkuu, pamoja na ajenda na majina ya wagombea. Hapa siku 30 ni mfano. Fuateni idadi iliyoandikwa katika katiba yenu, kwa maana uchaguzi uliofanyika bila taarifa ya kutosha unaweza kupingwa na mwanachama yeyote aliyeshindwa.

Wiki 2 kabla, Aprili 3: usajili wa bei ya kawaida unafungwa na idadi ya sahani inathibitishwa.

Kuna jambo moja ambalo tangazo la kwanza lazima lilieleze kinagaubaga kwa watu wa zamu ya usiku. Mwenye kuingia kazini Ijumaa saa moja jioni hutoka Jumamosi saa moja asubuhi, na haiwezekani akae macho kwenye mhadhara saa tatu baadaye kisha aendeshe gari kwa usalama. Ili awe huru Jumamosi, anapaswa kuomba usiku wa Ijumaa. Wengi huomba Jumamosi, wanapewa, halafu wanagundua wamejipa usiku ambao hawakuuhitaji na kuubakiza ule uliowaharibia.

## Hatua ya 5: Saa za elimu endelevu zipitie mkono ulioidhinishwa

Hapa ndipo vyama vingi hujiingiza katika matatizo, kwa hiyo hatua hii isiharakishwe. Majimbo mengi humtaka muuguzi aonyeshe saa kadhaa za elimu endelevu ili leseni yake ihuishwe. California, kwa mfano, hudai saa 30 kila miaka miwili, na Texas hudai 20. Chama hakiwezi kuchapisha vyeti vyake chenyewe na kuandika juu yake "saa mbili". Cheti cha namna hiyo kikikataliwa na bodi ya jimbo wakati wa ukaguzi, anayebaki mashakani ni mwanachama.

Njia nyepesi ni kushirikiana na taasisi ambayo tayari imeidhinishwa: idara ya elimu ya hospitali, chuo cha uuguzi, au chama cha wauguzi cha jimbo. Wapeni barua Desemba, wala msingoje Machi, kwa sababu maombi yana mlolongo wake. Kwa kawaida wataomba malengo ya mafunzo, wasifu wa kila mtoa mada, tamko lake la uhusiano wa kifedha na kampuni za dawa au vifaa tiba, ratiba ya dakika kwa dakika, na fomu ya tathmini. Saa moja ya elimu ni dakika 60 kamili za mafunzo. Sala ya ufunguzi, utambulisho wa wageni na hotuba ya mwenyekiti hazihesabiwi.

Kampuni ikijitolea kudhamini, fedha zake zisimpe haki ya kuchagua mada wala mtoa mada. Meza ya matangazo yake iwe nje ya chumba cha mafunzo. Taasisi mshirika itasisitiza jambo hili, na ni bora mdhamini alisikie kutoka kwenu kabla ya kutoa hundi.

Mmefaulu hatua hii mnapokuwa na uthibitisho wa maandishi unaotaja jina la taasisi iliyoidhinishwa na idadi ya saa. Kabla ya kuupata, neno "saa" lisionekane kwenye bango lolote.

## Hatua ya 6: Ukumbi na hesabu yake

Vyumba vya maktaba za umma ni vya bei nafuu au bure, lakini maktaba nyingi hazikubali utoze kiingilio, na hufunga mapema. Ukumbi wa kanisa huwa na jiko, ambalo kwa watu wetu si jambo dogo. Ukumbi wa hospitali una mitambo mizuri na maegesho ya kulipia. Vyovyote iwavyo, ulizeni mapema kuhusu cheti cha bima ya dhima, kwani wenye kumbi wengi hukidai wiki ya mwisho. Kibanda cha bustani cha Mei 23 nacho kiombwe mara tu mji unapofungua maombi, maana wikendi za mwisho wa Mei hugombaniwa.

Kwa bei, tenganisheni gharama zisizobadilika na zile zinazofuata idadi ya watu. Tuseme ukumbi ni dola 400, watoa mada dola 300, na ada ya vyeti dola 200. Jumla ni 900 hata akija mtu mmoja. Chakula ni dola 15 kwa kila mtu. Mwanachama akilipa dola 40, zinabaki 25 za kulipia zile 900, hivyo chama kinahitaji watu 36 ili kisipate hasara. Kama fomu ya hatua ya kwanza inaonyesha kwamba walio huru siku hiyo hawafiki 50, punguzeni ukumbi kabla ya kupandisha bei.

Malipo yafanyike wakati wa kujisajili. Anayesema "nitalipa mlangoni" anamaanisha kwamba atakuja ikiwa hatachoka.

## Hatua ya 7: Tangazo lisizame

Kikundi cha WhatsApp cha chama hubeba misiba, michango, harusi, nafasi za kazi na video za mahubiri. Tangazo lililowekwa humo saa mbili usiku limezama kufikia alfajiri. Kwa hiyo tumieni barua pepe kwa taarifa rasmi, na kwa shughuli hii fungueni kikundi kidogo ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Kila ujumbe uwe na kitu kimoja cha kufanya na siku ya mwisho ya kukifanya.

Simu bado ndiyo yenye nguvu. Dada aliyepigiwa na mtu anayemwita kwa jina na kumuuliza habari za watoto ataomba siku hiyo. Aliyetumiwa bango la rangi atabonyeza kidole gumba na kuendelea na mambo yake.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Milango ifunguliwe saa tatu na nusu asubuhi, na karatasi ya mahudhurio iwe na sehemu ya kutia sahihi na ya saa ya kuingia. Mada ya kwanza ianze saa nne kamili, hata kama viti havijajaa, kwa sababu dakika zake zimeandikwa katika kibali.

Mkutano mkuu uwekwe saa tano na dakika kumi, baada ya mada ya kwanza na kabla ya ile ya pili. Katibu ahesabu waliohudhuria kwa sauti na aandike idadi katika kumbukumbu. Ikiwa tawi lina wanachama hai 90 na katiba inadai theluthi moja, basi wanahitajika 30, na kura ipigwe papo hapo. Msisubiri chakula. Sahani zikishagawiwa, wenye zamu ya usiku wa Jumamosi huondoka kwenda kulala, na akidi huondoka pamoja nao.

Mada ya pili ianze saa sita kasoro robo na kuisha saa saba kasoro robo, kisha chakula. Aliyelazimika kuondoka wakati huo amekwisha kupata saa zake mbili na amekwisha kupiga kura. Ishara ya kufaulu ni kumbukumbu yenye idadi, hoja na matokeo, iliyosainiwa kabla ya mtu yeyote kuvaa koti.

## Hatua ya 9: Ndani ya siku 30 zinazofuata

Vyeti vitumwe ndani ya wiki moja kwa waliokamilisha tathmini. Karatasi za mahudhurio, tathmini na matamko ya watoa mada vihifadhiwe kwa muda uliowekwa na taasisi mshirika; nakala moja iwe mtandaoni kwenye akaunti ya chama, isiwe kwenye kompyuta ya katibu anayemaliza muda wake.

Mweka hazina ana kazi nyingine inayoangukia majira haya. Chama kisicho cha faida ambacho mwaka wake wa fedha huishia Desemba hutakiwa kuwasilisha taarifa kwa mamlaka ya mapato, IRS, kabla ya Mei 15 kupita. Siku hiyo ikiangukia wikendi, kama itakavyokuwa 2027, tarehe husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hujaza fomu fupi ya mtandaoni, 990-N, ambayo haichukui hata nusu saa. Kukosa kuwasilisha kwa miaka mitatu mfululizo hukiondolea chama msamaha wa kodi moja kwa moja, na viongozi wapya kwa kawaida hugundua hilo wanapoomba udhamini.

Mwisho, kabla ya kamati kuvunja kikao cha tathmini, rudini kwenye zile safu za A na B, wekeni alama kwa waliohudhuria na kwa waliokosa, kisha kila mjumbe achukue majina ya waliokosa Aprili 17 na kuwapigia simu kuhusu Mei 23.